Rimoti, simu au kadi: namna ya kuuliza maswali ya kura katika mhadhara wa chuo kikuu

Mhadhara wa mwaka wa kwanza katika vyuo vyetu unaweza kuwa na watu 300, wakati mwingine 500 na zaidi. Mhadhiri akiuliza "Mmeelewa?", safu tatu za mbele huitikia "Ndiyoo", naye huendelea na slaidi inayofuata. Waliokaa nyuma hawajaelewa, na hawatasema kitu mpaka UE, mtihani wa mwisho wa muhula, iseme kwa niaba yao.

Vifaa vya kujibia maswali darasani vilibuniwa ili hao wa nyuma wajibu. Kila mwanachuo anakuwa na kitu cha kubonyeza, kugusa au kuinua, swali linaonyeshwa ukutani, na ndani ya dakika moja mhadhiri anajua wangapi wamechagua A na wangapi D. Mwongozo huu ni wa mhadhiri au mkufunzi msaidizi anayetaka kuanza muhula ujao. Nimeanza na swali kabla ya kifaa kwa makusudi, maana wengi huanza na manunuzi, halafu wanaishia kutumia rimoti za bei mbaya kuita mahudhurio.

Andika swali kwanza

Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, mwaka 1990 aliwapa wanafunzi wake jaribio la dhana za kani na mwendo lililoandikwa kwa maneno ya kila siku. Mwanafunzi mmoja akamuuliza: ajibu kama alivyofundishwa, au kama yeye mwenyewe anavyoona mambo yanavyokwenda? Matokeo yalimshtua Mazur. Watu waliokuwa wakikokotoa milinganyo migumu walikwama kwenye swali la lori zito kugongana na gari dogo. Tangu 1991 akaanza kuukatiza mhadhara wake kwa maswali: kila mtu ajibu peke yake, ajadiliane na jirani, ajibu tena. Utaratibu huo ndio uliobeba vifaa hivi duniani, na bila huo kifaa hakikufai kitu.

Swali la Mazur naliweka kwenye barabara zetu hivi:

Fuso lililosheheni mchanga linagongana uso kwa uso na bajaji. Wakati wa kugongana:
A. Fuso linaisukuma bajaji kwa kani kubwa kuliko ile ambayo bajaji inalisukuma Fuso.
B. Bajaji inalisukuma Fuso kwa kani kubwa zaidi.
C. Kani hizo mbili ni sawa.
D. Fuso tu ndilo linalotoa kani, bajaji imegongwa.

Jibu ni C, kwa Sheria ya Tatu ya Newton, ambayo wote waliikariri tangu sekondari. Hata hivyo A itavuta watu wengi, na hapo ndipo utamu wa swali ulipo. Mtu anayechagua A ameona ajali za kweli. Ameona bajaji ilivyokunjamana na Fuso likabaki na mkwaruzo kwenye bampa. Alichochanganya ni kani na matokeo yake: kani ni sawa, lakini tungamo la bajaji ni dogo, kwa hiyo mchapuko wake ni mkubwa na ndiyo inayopondeka. Huwezi kuugundua mkanganyiko huo kwa kuwaambia wataje Sheria ya Tatu. Wataitaja neno kwa neno na kubaki na imani yao.

Kwa hiyo swali zuri la kura halihitaji kikokotoo, halijibiki kwa kukumbuka tu, na lina angalau jibu moja la uongo ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kulichagua. Majibu ya uongo usiyatunge kichwani. Chukua vitabu vya majibu vya UE ya mwaka jana, soma swali lililoangusha wengi, uone walikosea kwa njia zipi. Kila njia iliyojirudia ni chaguo lako la A, B au D. Kazi hii inachosha kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwongozo huu, lakini ndiyo inayolipa.

Masomo mengine yana Fuso zao. Kwa wa biolojia: mbuyu mkavu una uzito wa tani kadhaa, sehemu kubwa ya uzito huo ilitoka wapi, udongo, maji, hewa au mwanga wa jua? (Hewa, kaboni ya mti hutoka kwenye kaboni dayoksaidi. Wengi watasema udongo.) Kwa wa sheria, toa kisa cha mistari mitatu na uulize kama mkataba umeshafungwa au bado, kisha weka pembeni mahakimu wawili wenye hoja zinazopingana. Katika masomo ya aina hii si lazima pawe na jibu moja sahihi. Kura inafungua mjadala, na hilo linatosha.

Kwa saa moja ya mhadhara andaa maswali mawili au matatu. Manne ni mengi. Swali moja likiendeshwa vizuri hula dakika tano hadi saba, na ni lazima ukubali kwamba kuna slaidi utakazoziacha wanachuo wazisome wenyewe.

Chagua kifaa kulingana na ukumbi ulionao

Njia ni tatu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni rimoti halisi, ile ndogo yenye vitufe vya A hadi E. iClicker, mojawapo ya zinazojulikana sana Amerika Kaskazini, ilibuniwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois. Rimoti hutuma jibu kwa mawimbi ya redio kwenye kipokezi kilichochomekwa kwenye kompyuta ya mhadhiri kwa waya wa USB, kwa hiyo haihitaji intaneti wala bando. Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi yenye chaji na kipokezi chake vinaendelea kufanya kazi. Kitakachozimika ni projekta. Ubaya wake ni bei. Rimoti moja ni makumi ya dola, na darasa la watu 400 ni bajeti ya kupeleka kwa mkuu wa kitivo na kusubiri. Njia ya kati, ambayo naipenda, ni idara kununua rimoti 100 tu na kutoa moja kwa kila kikundi cha watu watatu au wanne. Kikundi kinalazimika kukubaliana kabla ya kubonyeza, na huo mjadala ndio ulioutaka tangu mwanzo.

Ya pili ni simu za wanachuo wenyewe, kupitia huduma kama Mentimeter, Slido, Poll Everywhere au Kahoot. Wanafungua tovuti, wanaingiza namba au kuskani msimbo wa QR, wanajibu. Inaonekana ni bure, lakini hesabu vizuri. Matoleo ya bure ya huduma nyingi yana kikomo cha idadi ya washiriki, na kikomo hicho mara nyingi ni kidogo kuliko darasa lako. Kiangalie kabla, siyo mbele ya watu. Waifai ya ukumbi inayowatosha watu 40 wanaopekua barua pepe inaweza kuzidiwa simu 300 zikiingia kwa sekunde zilezile. Wapo pia wasio na bando wiki hiyo kwa sababu bumu halijatoka, na wapo wenye kitochi. Chuo chako kikiwa na Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, tazama kwanza kipengele chake cha kura: wanachuo tayari wana akaunti, kurasa zake si nzito, na vyuo kadhaa vimeingia makubaliano na kampuni za simu ili mfumo wa masomo ufunguke bila kukata bando. Uliza kitengo cha TEHAMA kama chenu kimo.

Neno moja kuhusu Kahoot. Imetoka Norway, inachangamsha, ina muziki, na kwa kawaida inampa alama nyingi zaidi anayejibu haraka. Kwa msamiati au marudio ya sura, sawa. Kwa swali la Fuso na bajaji, haraka ndiyo inayomtupa mtu kwenye A. Ukiitumia, ongeza muda na uzime alama za kasi.

Ya tatu ni kadi, na usiidharau. Karatasi moja ya A4 ikunjwe mara mbili ipate kurasa nne: A, B, C, D kwa herufi kubwa, kila herufi na rangi yake. Herufi ziwepo hata kama kuna rangi, kwa ajili ya wasiotofautisha nyekundu na kijani. Mwanachuo anaishika kifuani, siyo juu ya kichwa, ili walioko nyuma wasimwige. Wewe unatupa macho ukumbini na kukadiria. Mwaka 2008 mtafiti Nathaniel Lasry alichapisha ulinganisho wa rimoti na kadi katika darasa la fizikia nchini Kanada, ambako madarasa yote yalifuata utaratibu uleule wa kujadiliana. Hakuona tofauti ya maana katika kujifunza. Rimoti inakuzidishia kumbukumbu: nani alijibu nini, lini. Kama huna haja ya kumbukumbu hizo, karatasi inakutosha.

Kuna njia iliyo katikati, Plickers: kila mwanachuo ana kadi yenye alama yake ya kipekee, anaigeuza upande wa jibu lake, na mhadhiri anapitisha kamera ya simu yake. Simu ni moja tu, ya mhadhiri. Inafaa semina ya watu 30 au 40. Kwenye ukumbi wa ngazi wenye mamia haina nafasi, kadi zimetengenezwa kwa vikundi vidogo na kamera haisomi safu za mbali.

Wiki moja kabla

Nenda ukumbini wakati ni mtupu. Chomeka kipokezi, washa projekta, keti safu ya mwisho kabisa na ubonyeze kutoka huko. Soma slaidi yako ukiwa hapo hapo. Kama unakodoa macho, punguza maneno.

Kwa rimoti za iClicker kuna kitu kimoja kinachosumbua watu bila kujua chanzo chake. Kipokezi na rimoti huwasiliana kwa masafa yenye jina la herufi mbili, na yanayotoka nayo kiwandani ni AA. Ukumbi wa jirani nao wakitumia AA saa hiyohiyo, kura zenu zitaingiliana. Kubalianeni: ninyi mbaki AA, wao wahamie labda BC. Mwanachuo anabadilisha kwa kushikilia kitufe cha kuwasha mpaka taa imwekemweke, kisha anabonyeza herufi mbili mpya. Andika hilo kwenye slaidi ya kwanza ya kila kipindi, kwa sababu atakayechelewa hatakuwa amelisikia.

Kusajili rimoti kwa majina acha kwa CR, mwakilishi wa darasa, pamoja na mkufunzi msaidizi. Kila rimoti ina namba yake nyuma; watengeneze jedwali la namba na namba za usajili za wanachuo. Kumbuka jedwali hilo, pamoja na kura zote zitakazofuata, ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Waambie wanachuo kinachohifadhiwa ni nini na kwa muda gani, na usiitundike kwenye grupu la WhatsApp la darasa.

Siku ya kwanza uliza swali lisilo na uzito wowote, kwa mfano leo asubuhi umekunywa chai na nini. Vicheko vikitulia utakuwa umejua nani rimoti yake haina betri.

Dakika saba za swali moja

Weka swali ukutani na ukae kimya. Usilisome kwa sauti; ukisoma, sauti yako itabana kwenye jibu sahihi na wataisikia. Wape dakika moja hadi mbili, kila mtu peke yake, hakuna kunong'ona. Kura zikifika kama asilimia 80 tangaza sekunde 20 za mwisho, kisha funga.

Sasa angalia grafu, wewe peke yako. Zima projekta, au tumia skrini ya kompyuta tu. Jambo hili ni dogo lakini lina ushahidi: watafiti wa Wisconsin walionyesha mwaka 2010 kwamba wanafunzi waliooneshwa grafu ya mihimili kabla ya kujadiliana walielekea zaidi kuhamia jibu lenye mhimili mrefu, liwe sahihi au la. Watu hufuata umati, na ukumbi wa mhadhara ni umati.

Mazur na Catherine Crouch, katika makala yao ya 2001, wanapendekeza mjadala pale waliopata wakiwa kati ya asilimia 35 na 70 hivi. Chini ya hapo hakuna wa kutosha wa kumshawishi mwenzake, kwa hiyo rudi ufafanue dhana, au toa dokezo moja na upigishe kura upya. Juu ya 70, eleza kwa ufupi na uendelee. Usiishike namba hiyo kama sheria. Asilimia 30 waliopata pamoja na darasa linalopenda kubishana wanaweza kukufikisha.

Ukiamua wajadiliane, sema hivi: "Mtafute jirani aliyejibu tofauti na wewe. Mshawishi." Usiseme "jadilianeni", watajadili mechi ya jana. Wape dakika mbili au tatu.

Hapa kuna ushauri ambao sijauona kwenye miongozo ya Wamarekani. Slaidi iko kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia, lakini mjadala uache uende kwa Kiswahili, na uwaambie waziwazi kwamba wameruhusiwa. Msikilize huyu:

"Wee, bajaji imekuwa chapati halafu unaniambia kani ni sawa?"

"Kani ni sawa, ila bajaji ni nyepesi. Wewe ukipigwa ngumi na ukuta ukipigwa ngumi ileile, nani anarudi nyuma?"

Huyo wa pili ametoka kueleza uhusiano wa kani, tungamo na mchapuko. Mwambie aeleze kwa Kiingereza mbele ya watu 300 na utapata kimya kilekile cha "Mmeelewa?". Kiingereza kitafuata wakati wa majumuisho, na wakati huo atakuwa na kitu cha kusema.

Wakati wanabishana, shuka jukwaani. Tembea kwenye ngazi, tega sikio, usijibu swali lolote. Mtu akikuita "Dokta, kwani jibu ni lipi?", muulize yeye amechagua lipi na kwa nini. Unachokitafuta ni hoja mbili: nzuri moja na moja yenye kosa linaloeleweka.

Kisha kura ya pili, peke yao tena. Sasa onyesha grafu zote mbili, ya kwanza na ya pili. Kabla hujataja jibu, omba mtu wa A atetee A na mtu wa C atetee C. Usimtaje mtu kwa jina kutoka kwenye rekodi ya rimoti, hata siku moja. Walikuamini kwamba kura ni ya siri mbele ya wenzao. Mwisho eleza mwenyewe, na ueleze pia kwa nini A inavutia. Mhadhiri anayetaja tu kuwa jibu ni C na kusonga mbele ametupa nusu ya faida.

Wapo wanaoona kwamba kura ya pili inapanda kwa sababu wajinga wamewaiga werevu. Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walilipima hilo katika darasa la jenetiki na kuchapisha mwaka 2009. Baada ya mjadala waliwapa wanafunzi swali jingine la dhana ileile, bila kujadiliana tena. Waliopata walikuwa wastani wa asilimia 52 kwenye kura ya kwanza, 68 baada ya mjadala, na 73 kwenye swali jipya. Hata vikundi ambavyo hakuna aliyekuwa na jibu sahihi mwanzoni vilipata nafuu.

Maksi, na wale wanaobonyezeana

Toa maksi kidogo za kushiriki, kama 5 kati ya 40 za kosiweki, na uzitoe kwa kujibu hata kama jibu si sahihi. Sababu si huruma. Mark James, aliyesoma mazungumzo ya wanafunzi katika madarasa ya astronomia na kuchapisha mwaka 2006, aliona kwamba maksi zikitegemea jibu sahihi, mwenye uwezo katika kila jozi hutawala mazungumzo na mwenzake hufuata tu. Maksi zikiwa za kushiriki, wote wawili huzungumza.

Ila maksi yoyote, hata ndogo, italeta kusainiana. Karatasi ya mahudhurio tunaijua, na rimoti ni karatasi ileile: mtu mmoja anaingia na rimoti nne mfukoni. Mwaka 2014, katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani, wanafunzi 64 walishtakiwa kwa udanganyifu wa rimoti katika kozi ya maadili ya michezo. Dawa rahisi ni mkufunzi msaidizi kuhesabu vichwa mara mbili kwa muhula, bila taarifa, na kulinganisha na idadi ya kura. Nyingine ni kusamehe kwa ukarimu maswali ambayo mtu hakuyajibu: mwanachuo ahesabiwe ameshiriki akijibu robo tatu ya maswali yote ya muhula, ili aliyeugua au aliyekwama kwenye foleni asione haja ya kumpa mwenzake rimoti.

Kwa wanaojibu kwa simu, tatizo ni kubwa kidogo, kwani msimbo wa QR unaweza kupigwa picha na kufika bwenini kwa sekunde. Kwa hiyo simu usizipe maksi kabisa.

Baada ya kipindi

Siku hiyohiyo, kabla hujasahau, andika kando ya kila swali: kura ya kwanza ilikuwaje, ya pili ikawaje, na hoja gani ulizisikia ulipokuwa unatembea. Swali ambalo asilimia 95 walipata mara ya kwanza liondoe. Swali ambalo kura ya pili ilishuka chini ya ya kwanza lisome upya, huenda maneno yake yana utata. Chaguo ambalo halikupata kura hata moja libadilishe. Miaka miwili ya kufanya hivi na utakuwa na hazina ya maswali ambayo hakuna kampuni inayoiuza.

Dhana hizo ziingie kwenye UE pia, kwa visa vipya: badala ya Fuso na bajaji, jahazi na mtumbwi. Wanachuo wakiona maswali ya kura hayahusiani na mtihani wataacha kubonyeza kufikia wiki ya sita, na watakuwa na haki.

Rimoti zikiwa za idara, zihesabu mlangoni watu wanapotoka, siyo baada ya ukumbi kubaki mtupu. Na mwisho wa muhula toa betri zote kabla ya kufunga sanduku. Likizo ni ndefu na betri za bei rahisi huvuja.